Kitanda Kisichopoa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabati ya Tabata Zubeda alipotoka kwenda dukani kwa Masoud kununua sindano. Sindano kubwa ya mkono, ya kushonea turubai. Kazi ya watu wa harusi ilikuwa imebaki pindo moja la kona ambalo cherehani yake hailifikii, na wenyewe walikuwa wanakuja kuchukua turubai lao asubuhi.

Masoud alimwona kwa mbali na uzi wake mkononi, akaanza kutikisa kichwa kabla hajafika kwenye nondo za dirisha la duka.

"Sindano kesho, Bi Zubeda."

"Hata sijafungua mdomo."

"Huo uzi umeshasema. Jua limeingia. Babu hakuuza sindano magharibi, baba hakuuza, na mie siuzi."

Huyo ndiye Masoud. Duka lao lilikuwapo pale tangu Tabata ni mashamba, na alikuwa tayari kukuuzia kiberiti, panadoli, hata nusu kipande cha sabuni, saa yoyote utakayomgongea. Lakini sindano na chumvi jua likishazama, alikuwa mgumu kuliko mkate wa juzi. Wazee wake walisema anayekuja kutafuta vitu hivyo gizani si lazima awe mtu. Zubeda naye ni mwana wa pwani, alilijua hilo tangu utoto, kwa hiyo hakubishana.

"Basi nipe bando la intaneti. Nimtazame mdogo wangu."

Hapo Masoud akalainika. "Leo wamefika wapi?"

"Kusini kabisa. Huko kwenye barafu."

"Mwambie mtaa unamwombea," Masoud akasema, na safari hii hakuwa anatania.

Mtaa kweli ulikuwa unamwombea. Farhan Mwinshehe, mdogo wake Zubeda wa tumbo moja, alikuwa kwenye mashindano ya boti za matanga za kuzunguka dunia nzima. Si mchezo wa mtu mmoja ule. Kila boti ina kikosi chake, watu kumi wa mataifa tofauti, wanatoka bandari moja kwenda nyingine na katikati hawaoni kitu ila maji. Farhan alikuwa akifundisha watoto wa wenye nazo kuendesha viboti vya matanga huko Mbezi Beach, mzungu mmoja akamwona anavyousoma upepo, akamchukua. Tangu hapo vijana wa kijiweni, ambao hata kuogelea hawajui, wakawa wanabishana kuhusu pepo za kusini kama wanavyobishana Simba na Yanga. Boti wakaipa jina lao wenyewe, ngalawa ya Farhan.

Kwenye simu, ngalawa ya Farhan ilikuwa nukta nyekundu juu ya ramani ya buluu. Zubeda aliitazama nukta hiyo kuliko alivyotazama sufuria yake jikoni.

Alikuwa na sababu. Baba yao alikuwa mtu wa kufunga milango. Mtoto akichelewa kidogo tu, alilala barazani na mbu. Mama yao alipokuwa anakata roho, Farhan bado anavaa kaptura za shule, alimshika Zubeda mkono akamwachia neno moja. "Mdogo wako akirudi, saa yoyote, mfungulie." Zubeda akalishika. Farhan akakua, akaanza kurudi usiku akinuka chumvi, akigonga mara mbili kwa kidole na mara moja kwa kiganja, na haikupita hata siku moja asifunguliwe. Mume wa Zubeda alilalamika kuhusu hilo mpaka akaondoka. Zubeda hakumlilia sana.

Na Farhan aliposafiri, chumba chake hakikufagiliwa. Kwao msafiri hafagiliwi nyuma. Ukifagia chumba chake kabla hajarudi, umemfutia njia. Kwa hiyo mchanga wa ufukweni ulibaki chini ya kitanda, nywele zake kwenye mto, ndara moja imelala kifudifudi karibu na mlango. Bi Mwanakombo, jirani wa ukuta kwa ukuta, mama mtu mzima aliyemsimamia Zubeda tangu alipobaki yatima, alikuwa anachungulia mara kwa mara kuhakikisha hakuna ufagio ulioingia mle.

Jioni ile Zubeda alirudi nyumbani, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti chake cha cherehani na kuweka bando. Kiti kile kilikuwa cha mbao, kikuukuu, kinalia kila mtu anapokikalia. Simu ikaunguruma. Ujumbe wa sauti. Farhan.

Akaiweka simu sikioni. Kwanza alisikia maji yanapiga ubavu wa boti, kishindo baada ya kishindo. Halafu sauti ya mdogo wake, ya chini, ya mtu anayeficha.

"Da Zube, ni mie. Naongea polepole, wenzangu wamelala... Nilikwambiaga kuhusu vitanda, eti? Vitanda vyetu ni vya nusu ya watu. Nusu tuko kazini, nusu wanalala. Zamu ikiisha, unaamka, mwenzio anajitupa palepale. Kitanda hakipoi. Mie napokezana na yule Mreno."

Kishindo.

"Sasa jana mtu kanigusa bega. Zamu. Nikainuka, yeye akalala, wala sikumwangalia, usingizi umenijaa. Nikapanda juu... namkuta Mreno kashika usukani. Hajatoka hapo muda wote. Nikauliza, nani kaniamsha? Hakuna mtu."

Zubeda alisikia anavyopumua.

"Na leo tena. Da Zube, mikono yake ina baridi, lakini akishalala, pale mahali panakuwa na joto mpaka mie nashindwa kulala. Mezani tuko kumi. Kwenye vitanda... mie nahisi tumezidi. Usimwambie mtu. Niombee tu."

Ujumbe ukaishia hapo. Zubeda akabaki ameishikilia simu sikioni. Alijisikia vibaya, vibaya kweli, kama siku ile ya mama. Akafungua ramani aione nukta.

Nukta ilikuwa imesimama.

Boti zile hazisimami. Mashindano ni mashindano. Hata wakiumwa, hata usiku, nukta inatembea. Akafunga ramani, akafungua. Imesimama. Za wengine zinasogea, hii imeganda mahali pamoja katikati ya buluu tupu, mbali na nchi yoyote.

Adhana ya isha ikasikika kutoka msikitini. Ilipokwisha, mtaa ukatulia kwa namna ambayo Tabata haitulii. Hata muziki wa singeli wa kwa fundi pikipiki ulikuwa umezimwa.

Ndipo ikaja harufu. Mwani. Mwani uliooza, na nguo mbichi, na chumvi.

Halafu mlango.

Mara mbili kwa kidole. Mara moja kwa kiganja.

"Da Zube."

Zubeda hakuitika. Mtoto wa pwani haitiki mwito wa kwanza gizani. Mtu hasa, mwenye damu, asipojibiwa huita tena, na tena. Kisicho mtu huita mara moja tu, kisha kinangoja mdomo wako ukipe ruhusa. Alifundishwa hivyo kabla hajafundishwa kusoma. Akangoja.

"Da Zube."

Ya pili.

"Da Zube, nifungulie. Nimelowa."

Ya tatu. Kwa sheria ya wazee, huyo alikuwa mtu. Zubeda alikuwa ameshafika mlangoni bila kujua amefikaje, kidole kiko kwenye komeo. Taa ya baraza ilikuwa inawaka, na kwenye mwanya wa chini ya mlango aliona vivuli vya miguu miwili. Miguu ya kawaida. Kati yake maji yalikuwa yanaingia taratibu, yanatambaa juu ya sakafu kuelekea vidole vyake. Yalipomgusa, yalikuwa ya baridi ambayo Dar es Salaam haina.

Simu ikaunguruma mkononi.

*Dada tumepita. Wote salama. Upepo mzuri.*

Jina la juu ya ujumbe lilikuwa la Farhan. Akafungua ramani. Nukta ilikuwa inatembea.

Basi Farhan yuko huku, kwenye simu, upande wa pili wa dunia, salama. Sasa huyu wa mlangoni ni nani?

Akakitoa kidole kwenye komeo. Akarudi nyuma hatua moja.

"Ondoka," akanong'ona. "Farhan yuko baharini."

Maji yakaendelea kuingia.

"Nilikuwa," sauti ikajibu.

Zubeda akaanza Ayatul Kursi, akaikosea, akaianza upya. Nje meno yalikuwa yanagongana, tatata, tatata, kama ya mtoto mwenye homa.

"Da Zube... mama alisema utanifungulia."

Hilo ndilo lililomfunga kabisa. Maana alijiambia, ni nani anayejua maneno ya marehemu akikata roho kama si shetani? Akasoma kwa sauti, akaziba masikio, akasoma mpaka koo likakauka. Alipoyazibua masikio, palikuwa kimya, na singeli ilikuwa imerudi kwa fundi pikipiki.

Hakulala. Kulipokucha akafungua mlango, ufagio mkononi kama rungu. Barazani hapakuwa na mtu. Saruji ilikuwa imebaki na alama nyeupe ya chumvi, mduara wa mtu aliyekaa akijikunyata akiegemea mlango. Na pale kizingitini palikuwa na kipande cha kitambaa cha rangi ya chungwa, kibichi, kimechanwa kwa nguvu.

Kilikuwa na uzi mwekundu. FARHAN.

Mshono ulikuwa wake. Aliushona kwa mkono usiku wa kuamkia safari, ndani ya ukosi wa koti la mvua la mdogo wake, ule mshono wa kurudi nyuma ambao mama yake alimfundisha. Mtu anaujua mshono wake hata gizani.

Bi Mwanakombo alipoonyeshwa, na kusimuliwa ya usiku ule, alikitazama bila kukigusa.

"Shikamoo yako nimeisikia, mwanangu, sasa nisikilize. Hicho choma."

"Ni cha koti lake, Bi Mwanakombo."

"Koti lake liko baharini. Hicho kimefika hapa kwa miguu ya nani? Wachawi wana hila. Choma."

Zubeda alisema atachoma. Hakuchoma. Alikikausha juani, akakiweka kwenye droo ya cherehani chini ya vifungo, wala hakujua kwa nini.

Siku chache baadaye watu wa mashindano wakatoa video, na nusu ya mtaa ikakusanyika dukani kuitazama kwenye simu ya Masoud, naye Masoud anawatafsiria Kiingereza cha nahodha. Ilikuwa jioni, akasema nahodha, wakati wa kubadilishana zamu. Wimbi likawapiga ubavuni. Mtu mmoja akachukuliwa na maji. Mkanda wake ulikuwa umefungwa kamba, wakaivuta, wakaivuta, muda mrefu kuliko inavyofaa, wakawa wameshakata tamaa.

"Farhan," Masoud akasema, na sauti ikamwishia.

Video ikaonyesha. Picha ilikuwa inayumba, povu kila mahali. Watu wanavuta kamba kwa pamoja. Mwisho wa kamba palikuwa na mtu mwenye koti la chungwa. Wakampandisha, wakampiga mgongoni, naye akakaa. Hakukohoa. Mtu aliyeopolewa kwenye maji yale wote wangetarajia akohoe. Alitazama kamera akatabasamu, ukosi wa koti ameukunja kwa ndani.

Vijana wakashangilia, wakapigana makofi mgongoni. Bi Mwanakombo akasema alhamdulillahi. Zubeda naye akasema, lakini neno lilitoka bila yeye kuwamo ndani yake.

Na kuanzia siku hiyo, kila magharibi, barazani kwake pakawa na mtu.

Hakugonga tena. Hakuita. Zubeda alijua tu kwa ile harufu ya mwani, na kwa yale meno. Tatata, tatata, nje ya mlango, mpaka watu wanapoanza kulala. Ukifungua, hakuna. Ukifunga, yupo. Zubeda alikuwa anashona na yeye yuko nje, mlango kati yao, na jambo la ajabu, nalisema kama lilivyo, hofu ilianza kumpungua na huruma ikaanza kuingia. Usiku mmoja alijikuta ameacha kikombe cha chai ya tangawizi kizingitini. Asubuhi kilikuwa kimejaa vilevile, kimeota chumvi pembeni.

Ndipo ukaja ujumbe mwingine wa sauti. Sauti ya Farhan, nzima, imechangamka, hakuna kishindo nyuma.

"Da Zube. Fagia chumba changu. Nafua kila kitu nikirudi, sitaki kukuta uchafu. Fagia leo."

Akampelekea Bi Mwanakombo asikilize. Bibi akasikiliza mara mbili, akakunja uso.

"Msafiri hafagiliwi mpaka mwenyewe avuke kizingiti."

"Mwenyewe ndiye kasema."

"Kasema kwa mdomo, au kwa simu?"

"Bi Mwanakombo, ni sauti yake."

"Sauti yake ilikuja na mlangoni pia, ukaikataa," bibi akasema. Kisha akajutia maneno yake, akamshika bega. "Mie nimezeeka, mwanangu. Mambo ya masetilaiti siyajui. Fanya unavyoona."

Zubeda alivyoona, alikuwa amechoka. Alitaka mdogo wake arudi, ale, alale, dunia ikae sawa. Kama Farhan amesema fagia, atafagia. Akaingia chumbani jua linapozama, akafagia mchanga wa Mbezi Beach uliokuwa chini ya kitanda, akatoa foronya yenye nywele, akaiondoa ile ndara. Akakusanya vyote, akavisukuma kwa ufagio mpaka ukumbini, mpaka mlangoni, akafungua, akavitoa nje barazani.

Meno yakaacha kugongana.

Kisha akasikia kilio. Hakikuwa cha kutisha. Kilikuwa cha mtoto aliyefungiwa nje na baba yake, anayelia taratibu ili asipigwe. Zubeda alikijua kilio hicho. Alikisikia miaka yote ya utoto wao, kutoka upande wa ndani.

Kilio kikashuka ngazi, kikapita getini, kikaenda.

Harufu ya mwani haikurudi tena. Zubeda alikaa chini palepale na ufagio wake, akalia mpaka kamasi, na ukimwuliza analia nini asingekwambia.

Farhan alirudi mashindano yalipokwisha. Boti yao ilishika nafasi ya tatu, na kwa Tabata ya tatu ilikuwa ya kwanza. Walimpokea uwanja wa ndege na matarumbeta. Masoud, ambaye hajawahi kutoa hata peremende bure, alitoa kreti za soda. Farhan akawakumbatia wote, akamkumbatia Bi Mwanakombo, akamjia dada yake.

Zubeda akamkumbatia. Mwili wake ulikuwa na joto. Si joto la homa wala la jua. Lilikuwa joto la mahali mtu alipolala, akaamka sasa hivi.

Nyumbani alikuwa mwema. Mwema kupita kiasi. Alikula kila alichopewa, alisalimia kila mzee, hakuchelewa kurudi. Hakugonga tena mara mbili na mara moja, kwa sababu hakutoka jioni. Akimhitaji dada yake aliita "Da Zube" mara moja, kwa utulivu, kisha akangoja. Zubeda asipoitika, hakurudia. Alikaa tu kimya anangoja, hata kama ni nusu saa.

Kitu kingine Bi Mwanakombo ndiye aliyekiona kwanza. "Mbona huyu kila unaponyanyuka anakaa yeye?" alinong'ona jikoni. Ni kweli. Zubeda akiinuka kwenye mkeka, akirudi Farhan yuko palepale alipokuwa. Akiinuka kwenye kigoda cha jikoni, Farhan yuko juu yake. Hakuwa na ubaya, alitabasamu, akampisha. Na kila alipompisha, pale mahali palikuwa na joto ambalo Zubeda hakuliacha yeye.

"Ni mazoea ya boti," Zubeda akajibu, anajua anadanganya.

Siku moja akaomba koti. "Lete nikushonee ukosi, naona umechanika."

Farhan akamletea. Zubeda akasubiri atoke, akafungua droo, akatoa kile kipande chini ya vifungo, akakiweka kwenye ukosi. Kilikaa. Kila jino la mpasuko liliingia kwenye pengo lake, uzi wa jina ukaungana na uzi uliobakia kwenye koti. Hapakuwa na wachawi wala hila hapo. Palikuwa na koti moja, lililochanwa na mtu mmoja aliyekuwa anang'ang'ania kitu asizame, na kipande alichokwenda nacho.

Naye alikuja nacho nyumbani, maana ndiko alikoambiwa atafunguliwa.

Jioni ile walikula pamoja wali na samaki. Farhan alikuwa anachambua miba polepole, anaipanga pembeni mwa sahani. Bila kuinua macho akasema:

"Ulifanya vizuri kutomfungulia, da Zube."

Kijiko kikasimama mkononi mwa Zubeda. Habari za usiku ule hakuwahi kumsimulia. Bi Mwanakombo naye baadaye aliapa hakusema.

"Nani?" akauliza.

"Alikuwa na baridi sana," Farhan akasema kwa upole, kama anayezungumza habari za mgonjwa wa jirani. "Angekuambukiza." Akaendelea kula.

Sasa Zubeda ana desturi mpya, na mtaa unaisema kila mtu kwa namna yake. Magharibi ikifika, anaacha kazi. Anainuka kwenye kiti cha cherehani, anafungua mlango wa mbele wazi kabisa, anatoka kukaa barazani na kile kipande cha chungwa ndani ya ngumi. Watu wanapita, wanasalimia. Masoud akifunga duka humpungia mkono. Anawajibu wote. Huwa anasikiliza getini. Ameapa kwamba safari hii ataitikia ya kwanza, wala hatangoja ya pili, na awe yeyote yule, na akae kitandani kwake akitaka. Lakini njia ameshaifagia kwa mkono wake, na wanaorudi huifuata njia.

Jana nayo ilikuwa hivyohivyo. Giza lilikuwa limeshaingia, getini hakuna kitu, hakuna hata harufu.

"Da Zube," sauti ikaita kutoka ndani ya nyumba.

Mara moja.

Zubeda hakugeuka. Alikaza ngumi, akasubiri ya pili, akasubiri kama mtu anayesubiri hukumu.

Haikuja. Badala yake, ndani, kiti cha cherehani kikalia, kinavyolia mtu anapokikalia. Alikuwa ameinuka hapo muda mfupi tu, kilikuwa bado hakijapoa.